Makali ya Kilonzo Yalipohamia Ruiru

Kilonzo wa Ngoliba alikuwa ananoa visu mpaka nzi akitua juu ya kimoja anakatika vipande viwili, na vipande vyote viwili vinaruka kwenda zao, kimoja upande wa maporomoko ya Chania, kingine upande wa stesheni. Nimeona kwa macho yangu mawili. Anayebisha akamuulize nzi.

Lakini mtu hazaliwi ameshika kisu. Alipokuja Thika mara ya kwanza, mwaka wa arobaini na tisa, Kilonzo alikuwa kijana mwembamba hivi kwamba akikugeuzia ubavu unadhani ameondoka. Kwao Ngoliba mvua ilikuwa imepita juu bila kusalimia, misimu miwili mfululizo, na mbuzi walikuwa wameanza kula kamba walizofungiwa. Akaja kwa miguu, akaandikwa kwenye kiwanda cha mananasi, kazi ya kubeba maganda kuyapeleka shimoni. Siku ambayo mnoa visu alirudi kwao kuoa, nyapara aliangalia huku, akaangalia kule, akamwona Kilonzo ndiye aliye karibu, akampa jiwe.

"Unajua kunoa?"

"Najua," akasema Kilonzo, ambaye maisha yake yote alikuwa amenoa panga moja tu, la babake, tena la kukatia miiba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nanasi likitoka shambani lilipita kwenye mashine ya kulikata kichwa na kulivua ganda, lakini mashine haina subira. Iliacha macho, yale madoa meusi, na hayo yalitolewa na wanawake kwa visu vidogo, wamesimama kwenye meza ndefu, sitini upande huu na sitini upande ule. Na maji ya nanasi ni makali. Yanakula kidole, yanakula kucha, na chuma yanakitafuna kabisa. Kisu kikiingia asubuhi kinang'aa, ikifika saa nne kimekuwa cheusi na butu, na mwanamke anaacha kukata, anaanza kulikanda nanasi kama mtu mgonjwa wa mgongo. Wanawake mia moja na ishirini wote walikuwa wanamngojea mtu mmoja na jiwe lake. Akiwa mzuri, sinia zinajaa. Akiwa mbaya, kiwanda kizima kinatembea kwa magoti.

Kilonzo alikuwa mbaya. Wanawake walimpa jina, Baba Butu, na wakati huo hata mtoto hakuwa naye.

Kilichomwokoa ni githeri yangu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa ilikuwa githeri ya kusifiwa. Nilikuwa naiuza pale barabara ya viwanda inapokata kona, kwenye kibanda cha mabati matatu na benchi mbili. Mahali hapo sikupachagua kwa akili. Mguu uliniuma nikiwa nimebeba sufuria, nikashindwa kwenda mbele, nikakaa. Lakini tazama bahati: mkono wa kushoto kiwanda cha mananasi, mbele yangu kiwanda cha mikebe, nyuma karibu na mto kiwanda cha ngozi, na ng'ambo ya reli watu wa katani. Saa sita ving'ora vililia kimoja baada ya kingine, kama majogoo wanaoshindana, na watu wote hao wakaja kugombania benchi zangu mbili fupi. Ukitaka kula ilibidi ubanane na mtu wa kazi nyingine, goti kwa goti, na watu wakibanana hivyo lazima waongee.

Wawili nitawataja. Nzioka alikuwa wa ngozi. Harufu yake ilifika kwanza, yeye akafuata. Kile kiwanda chao kilinuka hivi kwamba kunguru wa Thika walikuwa hawapiti juu yake kwa kuruka. Walishuka chini wakapita kwa miguu, ili bawa moja libaki la kuziba pua. Zacharia alikuwa wa mikebe, mtu wa kanisa, na sala yake kabla ya kula ilikuwa ndefu. Alianza na Adamu. Akifika kwa Nuhu, Nzioka alikuwa ameshamtoa maharagwe yote kwenye sahani akamwachia mahindi.

"Amina," akasema Zacharia siku hiyo, akafungua macho. "Mama Gathogo, maharagwe yamekwisha sokoni?"

"Mimi nilipakua sawasawa," nikasema. "Muulize jirani yako."

Nzioka alikuwa na mdomo umejaa, kwa hivyo akamgeukia Kilonzo haraka abadilishe maneno. "Wewe kijana, hicho kisu ndicho unanoa? Lete." Akakigusa kwa dole gumba. "Aiya! Hiki ni kijiko!"

Watu wakacheka. Kilonzo akainama kama anataka kuingia ndani ya sahani.

"Jiwe linatoa tumbo la kisu tu, makali haliyamalizii," akasema Nzioka. "Sisi kule tunakwangua nyama kwenye ngozi, na ngozi ikitoboka unapigwa makelele mpaka jioni. Kwa hivyo mara ya mwisho hatutumii jiwe. Tunakipitisha juu ya ngozi yenyewe, hivi, kurudi nyuma, kama unampapasa ng'ombe. Kesho nitakuletea kipande."

"Na hiyo nyeusi," akasema Zacharia, akiwa bado anayatafuta maharagwe yake, "hiyo ni kutu inaanza. Sisi bati likipata maji tunalipangusa na kulipaka mafuta hapo hapo. Usingoje."

Hayo ndiyo masomo aliyopata. Siku iliyofuata kipande cha ngozi kilikuja, kikinuka kama mwenyewe, na wiki iliyofuata mtu wa katani akamwonyesha jinsi ya kuzungushia mpini nyuzi ili usiteleze mkononi. Kila siku Kilonzo alikuja na shida mpya na kila siku kulikuwa na mtu kwenye benchi ambaye shida hiyo kwake ilikuwa ya zamani. Hakuna aliyeona kwamba anafundisha. Walikuwa wanakula tu na kuchekana.

Baada ya miezi mitatu, mwanamke aliyekuwa anajaza sinia kumi na mbili kwa siku alikuwa anajaza ishirini, na wakati wa kuimba akaupata. Mananasi yaliisha upesi hivi kwamba mikebe ikaanza kukosekana, kiwanda cha mikebe kikaandika watu wengine, na watu hao nao walikuwa na matumbo, mimi nikaongeza sufuria ya pili. Nzi ndipo walipoanza kukatika vipande viwili. Jina la Baba Butu likasahauliwa.

Lakini Kilonzo alikuwa na neno moja lililomkaa kooni kama mfupa. Alikuwa amemwoa Mbithe, binti wa kwao Ngoliba, msusi wa vyondo, mwenye ulimi wa kutosha watu wanne. Na Mbithe alikuwa Ngoliba na yeye alikuwa Thika, kwenye chumba kimoja cha wanaume saba, wanalala kwa zamu, hata mto wa kichwa ulikuwa haupati kupoa. Kiwanda kilikuwa na nyumba za watu wenye familia, ndiyo, lakini za manyapara. Alimwona mkewe mara moja kwa mwezi, na mwezi wa sita, mwaka wa hamsini na moja, siku aliyokwenda, akamkuta ana habari.

"Nina mimba," Mbithe akamwambia. "Na nakuambia mapema. Huyu mtoto hatazoea kukuona kama posta, mwisho wa mwezi. Tafuta mahali tukae sote, au mimi nitamfundisha kumwita babu yake baba."

Nilijua hayo kwa sababu Kilonzo aliniambia siku iliyofuata kwenye benchi, githeri ikipoa, na Nzioka akamsaidia kuila.

Hapo ndipo alipotokea Kofia Mbili.

Kofia Mbili alikuwa mzungu wa kahawa, Ruiru. Tulimwita hivyo kwa sababu alivaa kofia mbili kwa mpigo, moja ndani ya nyingine, akiogopa jua la Kenya lisimpike ubongo. Ruiru wakati huo ilikuwa kahawa. Ukiamka, kahawa. Ukigeuka, kahawa. Hata mbwa wao walibweka kwa msimu. Sasa mzungu huyu alikuwa anapita Thika kila mara akiona moshi na malori na watu wanakimbia, na wivu ukamshika. Akapanda mananasi kwenye mteremko ambao kahawa ilikataa, akajenga banda kubwa la mabati, akaleta mashine, akaleta meza ndefu kama ile ya Thika, akapima kwa kamba isipungue hata inchi. Halafu akauliza: ni nani anayewafanya wale wanawake wa Thika wakate namna ile? Akaambiwa, ni Kilonzo.

Akaja mpaka kibandani kwangu, kofia zikigonga mabati.

"Wewe Kilonzo? Mimi nataka wewe Ruiru. Mimi napa wewe nyumba. Nyumba ya mawe. Chumba mbili."

Benchi zote mbili zikageuka. Hata Zacharia, aliyekuwa kwa Ibrahimu, alifungua jicho moja.

"Ya mimi na mke wangu?" akauliza Kilonzo.

"Ya wewe na bibi na toto. Lakini sikia. Mpaka Krismasi, wanawake yangu najaza sinia ishirini, kama Thika. Kama hapana jaza, nyumba hapana yako tena."

"Sinia ishirini," akasema Kilonzo, "ni kazi ya mkono huu." Akauinua mkono wa kulia, tukautazama sote kama hatujawahi kuuona.

Nzioka akamwambia, "Ndugu yangu, mkono utaupeleka. Na sisi nani atatupeleka?"

"Nimeshajua sasa," akasema Kilonzo. "Mtu akishajua, amejua."

Nyapara wake alikasirika hata miwani ikamwingia ukungu. Kilonzo hakujali. Mwezi wa saba alipanda gari la moshi na kinoo chake, lile jiwe la kunolea, amelibeba kichwani ingawa alikuwa ameketi, na kipande kipya cha ngozi kutoka kwa Nzioka mfukoni. Ndani ya behewa watu walihama mmoja mmoja.

Mwezi wa kwanza habari zilikuwa tamu. Sinia kumi na tano. Sinia kumi na sita. Mwezi wa pili, kumi na tatu. Halafu kumi. Ngendo, mama wa Ruiru aliyekuwa msimamizi wa meza, akaja na maoni yake: kwamba makali ya Thika yalitokana na maji ya Chania, kwa sababu maji ya Ruiru yamelala sana kwenye mizizi ya kahawa. Kilonzo akaamini. Mtu aliyebanwa huamini. Kofia Mbili naye akaamini, akatuma lori lake Thika na mapipa manne, likajaza maji ya Chania pale chini ya maporomoko, likarudi Ruiru likimwagika njia nzima. Kuanzia Juja mpaka Witeithie majani yaliota katikati ya barabara. Mapipa yalipofika, nusu yakatumiwa kunolea visu, na nusu mzee mmoja akayaomba ya kuoshea magoti. Magoti yalipona. Visu vilibaki vile vile.

Wakajaribu wimbo. Ngendo alimtuma mtu Thika kuusikiliza wimbo wa wanawake wetu, akaurudisha wote, na pale mahali pa kukohoa wakakohoa. Wakauimba. Sinia tisa.

Mwezi wa kumi na moja Mbithe akafika kibandani kwangu kutoka Ngoliba, tumbo limemtangulia, kiondo mgongoni. Alikuwa anakwenda kuiona hiyo nyumba ya mawe. Nikamwambia peke yako hupandi treni na tumbo hilo, nikamwachia jirani sufuria zangu, tukaenda pamoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka kuona.

Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo pale uongo hauhitajiki. Mawe yaliyochongwa, madirisha yenye vioo, sakafu ya simiti unayoweza kulamba. Mbithe alizunguka vyumba viwili mara tatu. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Sikuwahi kumwona mwanamke akitabasamu kwa ukuta. Kilonzo alisimama nje akimtazama, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetazama mgeni akila chakula cha deni.

"Twende nione unakofanyia kazi," Mbithe akamwambia.

Bandani, ile meza iliyopimwa kwa kamba ilikuwa na wanawake kumi na wanane.

"Wengine wako wapi?" nikauliza.

"Kahawa imeiva," akasema Ngendo bila aibu. "Kahawa ikiiva, Mama, hapa hata paka anabeba kikapu. Hawa wamebaki kwa sababu wanaumwa."

"Na mashine mbona imenyamaza?"

"Mikebe haijafika. Inatoka kwenu Thika kwa treni. Juzi ilikuja, lakini ilikuwa imeangukiwa na kitanda cha mtu, ikawa bapa."

Nikageuka kumtazama Kilonzo. Alikuwa ameketi kwenye kona yake na kinoo katikati ya miguu. Nikaomba nione ile ngozi ya Nzioka. Akanionyesha kitu kikavu, kimekunjamana, kingeweza kusimama chenyewe.

"Imelowa maji ya nanasi ikakauka," akasema. "Nikaipaka mafuta ikawa laini sana, ikanoa upande. Nikaipaka majivu. Panya wakaila kidogo. Na mananasi ya hapa, Mama Gathogo, yana mchanga mwekundu umeingia ndani ya macho, mchanga ule unakwangua kisu namna ambayo sikuiona Thika. Sijui dawa yake."

"Umemuuliza nani?"

"Nani wa kuuliza? Nikimuuliza mtu habari ya kisu ananijibu habari ya kahawa. Jumapili napanda treni nakuja Thika na maswali ya wiki nzima, na nikifika viwanda vimefungwa, benchi zako zimeinuliwa, Zacharia yuko kanisani mpaka saa tisa. Narudi na maswali yangu."

Kengele ya saa sita ikalia. Moja tu. Watu wakatoka wakaketi chini ya miti ya kivuli, kundi moja kubwa, wote wa kahawa, wote wakisema kitu kimoja na wote wakikubaliana. Kilonzo akala peke yake ukutani. Hakuna aliyemtukana kisu chake. Hakuna aliyekigusa kwa dole gumba.

Ndipo Kofia Mbili alipokuja, amevuliwa uchangamfu wote. Krismasi ilikuwa wiki sita mbele, na shimo la nyuma ya banda lilikuwa linanuka mananasi yaliyooza, mpaka nyuki walikuwa wamelewa wanalala chini.

"Kilonzo," akasema, "nini hapana iko? Wewe sema, mimi naleta. Maji naleta. Wimbo naleta. Sema ingine."

Kilonzo akasimama. Akamtazama Mbithe, akatazama lile dirisha la kioo kule mbali, akavuta pumzi.

"Bwana, lete Nzioka wa ngozi."

"Mzuri. Naandika."

"Lakini Nzioka peke yake hatanisaidia zaidi ya mwezi mmoja, kama mimi. Itabidi uje na kiwanda chake. Halafu lete kiwanda cha mikebe, kikae pale, mikebe ije kwa mkokoteni ikiwa bado ina joto. Lete watu wa katani. Lete wanawake ambao kahawa haiwaiti, waliokwisha kushika kisu mahali pengine. Na huyu mama uje naye, na sufuria zake mbili na benchi zake. Benchi ziwe fupi. Hiyo ya benchi usisahau."

Mzungu alikuwa ameandika mpaka kwenye mikebe, kalamu ikasimama. Akavua kofia ya juu. Akavua na ya chini, jambo ambalo Ruiru haikuwa imeliona. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama yai.

"Hii hapana vitu," akasema polepole. "Hii ni Thika yote."

"Ndiyo, Bwana."

Niseme haki yake, hakugomba. Alikaa juu ya sinia tupu akafikiri. Halafu akasema, "Mimi nafunga hii kitu. Lakini wewe mtu mzuri. Wewe kaa. Nyumba kaa nayo. Kahawa iko na mkasi ya kukata matawi, wewe noa hiyo."

"Mara ngapi kwa mwaka?" akauliza Kilonzo.

"Mara mbili."

"Na siku zingine?"

"Siku ingine wewe kaa tu."

Niliona anavyomtazama mkewe. Nyumba ya mawe, vyumba viwili, dirisha la kioo, bila sinia za kuhesabu, na mtoto anakuja. Mtu gani anakataa? Kilonzo akafungua mdomo, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Nitakaa. Mbithe anataka nyumba."

"Nani?" akasema Mbithe.

Ngendo akasogea asipitwe.

"Nani amekuambia nataka nyumba? Nilisema nataka tukae pamoja. Mwanamume niliyeolewa naye anaongea hata akiwa amelala. Ananieleza habari za kutu mpaka mbuzi wanaamka. Huyu wa Ruiru nimeshinda naye tangu asubuhi, ameniambia maneno manne, na matatu yalikuwa kahawa. Nikae na huyu? Kwa ajili ya dirisha?"

"Mbithe, hatuna pengine pa kulala."

"Tulikuwa hatuna jana pia." Akanigeukia. "Mama Gathogo, treni ya kurudi ni saa ngapi?"

Tukarudi watu watatu na jiwe. Kesho yake asubuhi Kilonzo akaenda kusimama mbele ya nyapara wake wa zamani kwenye kiwanda cha mananasi. Nyapara akapangusa miwani.

"Aha, Bwana Nyumba ya Mawe. Hapa mahali pako pana mtu. Na hata pangekuwa wazi ningeweka mti."

Kama ingekuwa Ruiru, mambo yangeishia hapo, mtu angerudi Ngoliba kuchunga. Lakini Thika ukifukuzwa mlango huu unavuka barabara. Saa sita, habari zilikuwa zimezunguka benchi zote mbili kabla githeri haijaisha. Zacharia alisema mikebe wanatafuta mtu wa kubeba, si kazi ya fundi lakini ni kazi. Nzioka akatikisa kichwa. "Wale wakwanguaji wetu wana visu thelathini na hakuna anayevitunza, kila mtu anajinolea chake. Njoo na jiwe." Saa nane Kilonzo alikuwa ameandikwa kwa watu wa ngozi. Alifukuzwa asubuhi, akala, akapata kazi. Githeri haikuwa imeshuka tumboni.

Na sikieni hili. Kiwanda cha ngozi kilikuwa na nyumba za familia, mstari mzima wa vyumba kando ya mto, na viwili vilikuwa vitupu tangu vijengwe. Hakuna aliyevitaka, hata nyapara, hata bure, kwa sababu vilikuwa upande ambao upepo unaelekea. Kilonzo aliomba kimoja, na karani akamwuliza mara mbili kama anajisikia vizuri.

Nilikuwepo Mbithe alipoingia. Alifika mlangoni akasimama. Macho yakamtoka machozi kabla hajasema lolote. Alirudi nyuma hatua tano, akavuta hewa, akajaribu tena. Chumba kimoja, ukuta wa mabati, mke wa Nzioka upande wa pili anaimba.

"Jirani!" Mbithe akaita, amejibana pua. "Huchukua siku ngapi?"

"Harufu kunyamaza? Siku tatu!" mke wa Nzioka akajibu. "Ya nne utaulizwa na watu unanuka nini, useme hujui!"

Kilonzo alikuwa pale pembeni, hathubutu kuweka jiwe chini. "Ukisema turudi Ruiru, tunarudi," akasema. "Yule mzungu hajampa mtu nyumba bado."

Mbithe akamgeukia, pua bado mkononi. "Visu vya hapa vikoje?" akamwuliza.

"Vibaya sana!" Kilonzo akasema, na uso wake ukafunguka. "Wananoa pande zote mbili sawa, hebu fikiria, na kisu cha kukwangua kinataka upande mmoja tu, nimemwambia Nzioka, Nzioka anabisha, kesho nitamwonyesha, tena kuna mwingine anatumia..." Akaendelea. Akaendelea mpaka mimi nikaketi chini. Alieleza habari ya mpini, habari ya chumvi inayokula chuma kuliko nanasi, habari ya yule kijana mpya wa visu kule kwa mananasi ambaye amekuja kwenye benchi akimwuliza mambo, na yeye amemwambia yote, tena bure, wacha yule nyapara afaidike na miwani yake.

Katikati ya maneno hayo Mbithe akaingia ndani, akatua kiondo, akaanza kufagia.

Siku tatu alipika nje. Ya nne akaingiza meko. Mtoto akazaliwa mwezi wa pili, msichana, mnene, mwenye ulimi wa mamake, na alikua vizuri kabisa pale kando ya mto. Shida yake ilikuwa moja tu. Walipompeleka Ngoliba kumwonyesha babu, alifika kwenye ile hewa safi ya nyika akaanza kupiga chafya, akapiga chafya siku mbili mfululizo, na hakutulia mpaka Kilonzo alipovua shati lake la kazi wakamfunika nalo.